Nakala Mbili

Meza yangu iko nje ya geti, hapa panapoteremkia Nguba:
mashine moja, jenereta linalokohoa, mwavuli wa bluu uliochanika.
Natoa silabusi, natoa vitambulisho, natoa barua za deni la minervali.
Miaka kumi na moja napitisha masomo yote ya Bukavu mikononi
na sijafanya mtihani hata mmoja.

Alikuja siku ya mvua, Ntakwinja wa mwaka wa pili,
kitenge kakivuta hadi kidevuni,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi usiku:
"Mama Mwamini, unaweza kutoa ujumbe kwenye simu ukauweka kwenye karatasi?"
Naweza.
"Wote?"
Ni ngapi?
Akageuza uso kuelekea ziwa. "Sijahesabu."

Mashine ikahesabu. Mia moja arobaini na tatu.

Mwanzo ni maua. Karatasi tatu nzima za maua.
Kisha uko wapi.
Kisha uko na nani.
Kisha piga picha kitanda nikione.
Kisha samahani, samahani, samahani, mpaka wino ukapauka.
Kisha ule wa saa tisa usiku, sitausema hapa;
niliulaza kifudifudi ulipotoka,
kama unavyomfunika maiti asiyekuwa wa kwenu.

Kijana mwenyewe anasoma sheria, mwaka wa mwisho.
Namjua. Hunyoosha noti zake kabla ya kulipa,
huniita mama, hunishushia jenereta jioni.
Nilisimama pale, karatasi zikiwa bado na joto,
nikijaribu kuwa mtu asiyemjua.

Maneno nilikuwa nayo tayari, yale yetu ya siku zote:
vumilia; kwani ulimjibu nini; na wazazi wameshapokea mbuzi?
Yalinijia mdomoni kwa mbio za nzi.
Nikayameza. Hayakushuka vizuri.
Nikasema, "Nakuamini."
Lilitoka limekunjamana
kama noti iliyokaa sana kwenye fundo la kitenge.

Akakaa juu ya boksi la karatasi, akalia bila sauti.
Mimi nikaendelea kupanga kurasa.
Kuna kilio kinachotaka kushikwa mkono,
na kuna kile kinachotaka tu mtu wa karibu, anayepanga kurasa.

"Nakala ngapi?"
"Mbili. Moja ya yule wakili wa akina mama, Ibanda. Moja..."
Hapo umeme ukakatika, na sentensi yake nayo.
Nikavuta kamba ya jenereta mara nne.
"Ya pili nitakaa nayo mimi," nikasema. "Ukiitaka, iko. Usipoitaka, iko."

Ofisini walimwambia ni mambo ya wapenzi, yatapoa.
Hayakupoa. Basi Nshobole akahamishia godoro lake chumbani kwake,
na Byamungu wa pikipiki, asiyeuliza kitu,
humshusha mlangoni, huzima injini,
haondoki mpaka taa ya dirishani iwake.
Asistenti mmoja alimpa tarehe nyingine ya mtihani
bila kumtaka ajieleze mbele ya watu.
Jina lake silitaji. Angeona aibu kusifiwa kwa kidogo hivyo.

Siku nyingine nilimkuta yule kijana wa sheria mezani,
mkononi ana kazi yake ya mwisho, kurasa themanini.
Nikamwambia mashine imekufa.
Ilikuwa inanguruma.
Tukatazamana, mashine ikinguruma.

Wino huisha, nafuu nayo sijui hupimwa kwa nini.
Kuna wiki alipita geti bila kuinua macho.
Kuna wiki hakupita.
Droo yangu siku hizi haifungi vizuri:
bahasha ya Ntakwinja si ya peke yake tena mle ndani.

Jana alikuja na silabusi ya takwimu, kurasa arobaini,
kitenge kiko kiunoni, shingo iko wazi.
"Mia mbili kwa karatasi? Mama, hiyo ni bei au ni vita?"
Akabishana, akapandisha sauti mpaka wenye sambaza ng'ambo wakageuka.
Sikumpunguzia hata faranga.
Nilitaka aendelee kupiga kelele.